Rimoti Mpya ya Meko ya Bibi

Al Khoudh, Muscat, Jumatano, baada ya Alasiri

Mwanangu Rayya,

Salamu ntakupa kwa mdomo kesho uwanja wa ndege, na kilio juu yake, kwa hivyo hapa naziruka. Mambo ya soksi mbilimbili, dawa ya mafua na paspoti ikae mfuko gani, baba yako ameshakuandikia karatasi nzima mbele na nyuma, utaikuta kwenye sanduku juu ya masweta. Mimi sina hayo. Mimi nna khabari, na imenijaa kifuani: rimoti inafanya kazi!

Ndiyo, rimoti ya meko, yale ya kuotea moto sebuleni. Ile mliyonicheka wewe na baba yako mpaka mkashikana mabega. Nimekaa kwenye kochi, nimekunja nne kama bwana mkubwa, nimebonyeza, meko yakafanya tki, kisha vuu, moto ukawaka wenyewe bila ya mtu kupiga magoti! Nkazima. Nkawasha tena. Nimewasha na kuzima, peke yangu sebuleni, nacheka kama mwehu. Lau ungeniona!

Lakini hupo. Wewe na baba yako mmekwenda Matrah kumalizia kuaga, na najua mtapitishwa nyumba kwa nyumba, kila mahali kahawa, kila mahali haluwa, kila mahali shangazi wa mtu anakushika kichwa, anakusomea dua, halafu anakuuliza kama huko Uingereza samaki wanapatikana. Ukoo mzima umekupa radhi. Imebaki nyumba moja, na nyumba yenyewe ni hii yetu, chumba cha kushoto ukitoka sebuleni. Tangu visa yako itoke, Bibi yako ana jawabu moja tu: "Sina wa kumuaga. Rayya haendi mahali." Leo chakula cha mchana kala chumbani, na wewe nlikuona ulivyosimama mbele ya ule mlango, umeinua mkono kubisha, ukaushusha. Moyo uliniuma, mwanangu. Masanduku mawili yamejaa, na kitu unachokitaka zaidi hakimo hata kimoja. Ndege yako asubuhi.

Barua hii ntaitia kwenye mkoba wako uisome angani. Leo nataka kukwambia kitu ambacho hujawahi kuniuliza: kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu alijenga meko ya gesi Muscat.

Nlipokuwa na umri kama wako nlikwenda kusomea unesi huko huko, mji wa kaskazini, mvua asubuhi mvua jioni. Nlipanga chumba kwa mama mmoja mjane, na ukutani mlikuwa na kimeko cha gesi kinachokula sarafu. Unatia sarafu, kinawaka. Ikiisha, kinakata, hata kama uko katikati ya sala. Na mimi sarafu zilikuwa haziniketi. Sasa yule mwenye nyumba alikuwa na meko yake chini, makubwa, na kila jioni mlango wake aliuacha wazi. Nkipita naona mwanga umempiga usoni, paka miguuni, naye ananambia, "Njoo ukae." Nami namjibu, "Ahsante, sisikii baridi." Sisikii baridi! Meno yanagongana! Nlikuwa mtu wa namna hiyo, Rayya. Kusema "nna baridi" nliona ni kushindwa, basi nkapanda ngazi zangu, nkalala na koti. Nyumbani nkiandika barua nasema hali ya hewa ni nzuri sana.

Ndipo nkajiapia kwamba nkijaaliwa nyumba yangu itakuwa na meko, na mlango wake utakuwa wazi. Tulipopata kiwanja hiki na kuanza kujenga, wewe ulikuwa bado unang'oka meno ya mbele, nkamwambia baba yako. Akaweka ramani chini. "Mama Rayya," akasema, "hapa watu wanalikimbia joto, wewe unataka kulijengea makao?" Lakini akajenga, Mungu ampe umri. Jirani walipoona bomba juu ya paa walikuja kuuliza kama tunafungua tanuri la mkate.

Unayakumbuka mengine. Rimoti iliyokuja na meko uliitia kwenye ndoo ya maji ili uone kama inaogelea. Haikuogelea. Tangu siku ile kuwasha ni kupiga magoti, kuingiza mkono chini kabisa karibu na sakafu, kutafuta kitufe, kukikandamiza na kukizungusha. Na wa kupiga magoti ukawa wewe, kwa sababu Bibi aliyapenda meko yale kuliko hata mimi niliyeyataka. Nani angefikiri? Analala na AC ya kugandisha maji na blanketi mbili juu, ukimwambia apunguze anasema joto la nchi hii linambana pumzi, halafu akitoka chumbani magoti yanamuuma. "Rayya, niwashie magoti yangu." Kila siku baada ya Magharibi, hata mwezi wa nane! AC inavuma juu ya vichwa vyetu, moto unawaka mbele yetu, baba yako anajipepea na gazeti, na nyinyi wawili mmekaa pale, unamsugua miguu, anakuhadithia Unguja. Mimi nkilalamika jasho. Wallahi, nlikuwa nkilalamika huku nafurahi.

Sasa visa ilipotoka nlipiga vigelegele, ulinisikia. Lakini nakwambia ukweli, jambo la kwanza lililonijia si masomo yako. Nlijiuliza, nani atamwashia Bibi? Mimi nna zamu za hospitali, baba yako anarudi jioni sana, na Bibi mwenyewe akipiga magoti pale chini hainuki. Nkatafuta. Rafiki yangu wa kazini akanionyesha kwenye kompyuta rimoti isiyochagua meko, iwe ya kampuni gani, ya mwaka gani, inakuja na kisanduku chake, unaifunga mwenyewe. Nkaagiza Marekani.

Forodhani hapo ndipo penye kichekesho. Yule bwana alifungua boksi akaigeuza na kuigeuza.

"Ya khalti," akaniita kama mama yake mdogo, "hii ya nini?"

"Ya kuwashia moto."

"Wapi?"

"Sebuleni."

Akatazama nje, magari yamepigwa jua mpaka yanameremeta, kisha akanitazama mimi. "Allah akushafi," akasema, kama anayemwombea mgonjwa, akagonga muhuri.

Basi leo mlipotoka tu nkafunga gesi kule nje kwenye mtungi, nkalala kifudifudi mbele ya meko, kurunzi mdomoni, kile kitabu chao cha maelekezo sakafuni. Nkatoa kisanduku cha zamani, nkatia kipya, nkafungua gesi tena. Waya mbili, mwanangu! Waya mbili tu, na sisi miaka yote tunaabudu sakafu! Nliposikia ile tki, nlipiga kelele.

Na furaha ile ndiyo iliyonidanganya. Nliiweka rimoti kwenye sinia, kitambaa cha kushona juu yake, nkampelekea Bibi yako kama mtu anayepeleka posa.

"Mama, hii yako. Unabonyeza hapa, moto unawaka. Kuinama huinami, kumwita mtu humwiti."

Akafunua kitambaa. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hivyo ndiyo mmemaliza," akasema. "Mmenichukulia mjukuu, mmeniletea kidude."

"Mama, si hivyo..."

"Kinajua kuhadithiwa hiki? Kinajua kusugua miguu? Kitoe."

Nkakitoa. Nkakiweka kwenye meza ya sebuleni karibu na keki yako ya kuagia, nkapanda juu kukuandikia, na hapa nilipo nusu nacheka nusu nataka kulia. Kwa sababu nlimwelewa, Rayya, alipokwisha sema. Mimi nkimpenda mtu, mbio kumtengenezea kitu. Mgonjwa akiguna namwekea mto. Wewe ukilia nakupikia. Sikai chini nkamuuliza mtu anaumwa na nini. Miezi miwili nimeshughulika na magoti ya mama yangu, na yanayomuuma si magoti.

Nkwambie na hili. Nlipoondoka mimi alifanya hivi hivi. Tulikuwa bado tunakaa Matrah, nyumba ndogo nyuma ya soko, teksi iko nje inapiga honi, mimi nabisha mlango wa chumba chake. "Mama, nakwenda." Akajibu, "Sina wa kumuaga." Nkaondoka na neno lile. Ndilo lililonifanya nisiseme baridi, si ujeuri peke yake. Nliona nkisema tu, atanambia, si nlikwambia? Ndiyo khofu yangu leo, usije ukalibeba neno lile na wewe, ukafika kule ukawa unapanda ngazi zako kimya kimya na mlango wa mtu uko wazi.

Ngoja. Mbona joto limepanda mpaka huku juu? Na nanusa sukari inaungua. Yarabi, keki!

*

Nimerudi. Nimekaa, nimekunywa maji, sasa nakuhadithia kwa utaratibu.

Sebule ilikuwa hamamu. Meko yanawaka kwa nguvu zake zote, AC inanguruma inashindana nayo, na keki yako, ile yenye ndege ya sukari nyeupe juu, ndege imeinamisha pua, imejimwaga mezani. Nkaitafuta rimoti nizime. Haipo! Chini ya mito haipo, chini ya kochi haipo. Nkapiga magoti yangu ya zamani, nkazima kwa mkono. Nlipoinuka ndipo nkakumbuka nilivyosoma kwenye kile kitabu. Rimoti hii ina kitufe cha pili, si cha kuzima, ni cha kuiachia iamue yenyewe. Inapima joto, ikiona baridi inawasha. Lakini inapima joto la pale ilipo yenyewe, si la pale penye meko.

Na katika nyumba hii baridi iko wapi?

Nkaenda chumba cha kushoto. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Bibi yako amekaa kitandani, blanketi mabegani, AC inampulizia, na rimoti ameipakata kwa mikono miwili kama aliyeshika kifaranga.

"Mama! Unajua unafanya nini sebuleni?"

"Nini? Kwani inafika mpaka huko?"

"Imefika! Keki ya mtoto imeyeyuka!"

Akaiingiza chini ya blanketi. Umri wake wote ule, Rayya, akaificha!

"Si ulisema nkitoe?"

"Nlisema. Nlitaka kuona kama naweza."

"Kuweza nini?"

"Kuwasha. Bila ya yeye. Ulipopanda juu nkatoka, nkabonyeza, ikawaka. Mara moja tu, Asya. Nkabonyeza cha pili kuzima, nkaja nayo." Akaitoa tena chini ya blanketi, akaitazama. "Nimeona naweza. Na sitaki kuweza."

Mimi sikumtengenezea kitu. Sikumletea maji, sikumwekea mto. Nlikaa pembeni yake, nkaingia ndani ya lile blanketi, tukawa tumekaa.

Baadaye nkamuuliza. "Mama, na nlipoondoka mimi?"

"Nlisema nisipokuaga, huondoki."

"Nkaondoka."

"Ukaondoka."

"Sasa mbona unarudia yale yale?"

"Nlidhani labda safari hii itasaidia."

Wee! Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Tulicheka tukageuza tukalia, hata sijui lipi lilianza na lipi likafuata. Na hapo hapo, na nywele zangu hizi zenye mvi, nkamwambia neno ambalo sijapata kumwambia. "Mama, kule nliona baridi. Baridi sana."

"Nlijua," akasema.

"Ulijuaje? Si nlikuwa nkiandika hali ya hewa nzuri?"

"Ndiyo nkajua. Nani anamwandikia mama yake khabari za hewa?"

Miaka yote hiyo, Rayya! Yeye anajua, mimi naficha, na kati yetu kuna neno moja tu ambalo lingemwezesha aninunulie hata shali. Nimejiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha, kwa sababu wewe bado hujaondoka na hujalificha lako.

Kisha akanipa masharti. Mama yangu hatoi kitu bila ya masharti, umeshamjua. "Rimoti naikubali," akasema. "Lakini mimi siwashi ovyo ovyo. Siwashi mpaka mwenyewe aniambie."

"Mwenyewe yuko Uingereza, Mama."

"Simu si ipo?"

Sasa hivi ninavyoandika yuko bafuni anaoga. Ameniagiza nimtolee kanga mpya, ile ya jozi aliyoiweka kwa ajili ya arusi yako. Nkamwambia arusi bado. Akasema, "Kwani kuna mtu ameniuliza?"

Honi hiyo! Ndiyo nyinyi. Nakuja.

*

Baada ya Isha. Nyote mko nje, baba yako anapakia masanduku leo leo kana kwamba gari litaondoka bila yeye. Namalizia mbio mbio.

Ulipoingia ukamkuta amekaa sebuleni na kanga yake, mafuta ya udi, rimoti pajani, ulinigeukia mimi kwa macho ya kuuliza, "Kuna nini?" Sasa unajua kulikuwa na nini. Unajua pia kwa nini ndege ya keki ilikuwa imelala ubavu, na kwa nini Bibi alikukazania ulile lile bawa.

Nimewaona watu wengi wakiagana, nesi huona hayo. Lakini ulivyopiga magoti mbele yake, akakuweka mkono kichwani, akasema, "Radhi yangu unayo, mwanangu, dunia na akhera, nenda ukasome," mimi nlishika ukuta. Neno nililolisubiri mlangoni kwake Matrah nimelisikia leo, amepewa mwanangu, nami nimeshiba nalo. Sina deni naye tena, wala yeye nami.

Na ulipoinuka ukaenda moja kwa moja kwenye meko, kwa mazoea, ukainama kutafuta kitufe! Akakupigia kelele, "Wee! Kaa huko huko. Nambie."

Ukasimama katikati ya sebule.

"Nambie niwashe," akasema.

Ukasema, "Washa, Bibi."

Tki. Vuu. Mwezi wa tisa, Muscat, baba yako amevua kofia anajifutia jasho, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba uzimwe.

Basi, mwanangu, mimi sikupi nasaha ndefu. Mlango wa mtu ukiwa wazi, akikwambia njoo ukae, kaa. Ukisikia baridi, sema nna baridi, umwambie mwenye nyumba, umwambie mwalimu, utwambie sisi, na mimi sitosema si nlikwambia. Khabari za hewa usituandikie kabisa, tutajua.

Bibi yako ameshaihamisha rimoti, ameiweka kwenye meza ya simu, na amekataza mtu kuigusa. Magharibi ya huku, siku ya kwanza utakayofika, tutakuwa tumekaa sote watatu mbele ya meko yaliyozima. Piga simu, na usianze na salamu. Sema neno lako lile, kisha uwe unasikiliza, utayasikia yanavyowaka.

Mama yako,
Asya